YULE WA DIRISHA LA TATU KAMPIGIA MDOGO WANGU MAKOFI SIKIONI!!!

Binti_Mvita: Bado natetemeka, hata chai imenishinda. Nyote mnamjua: miwani utosini, mihuri tele mezani, simu haimtoki mkononi. Leo nimempeleka mdogo wangu kufuata karatasi yake. Ni kiziwi, nikaeleza kwa heshima zote. Jamaa akainuka, akatoa mikono dirishani, akampigia makofi sikioni. Pa! Pa! Kama afukuza kunguru! Ati "nahakikisha".

Makofi, jamani! Namuuliza mkalimani yuko wapi, anijibu "wewe si upo?" Kisha akaanza "JI-NA LA-KO!" mpaka feri ya Likoni ikadhani yaitwa. Na jina mtoto keshaliandika, liko pale mbele yake! Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya kutumia lugha ya ishara. Haki yenyewe ndiyo hiyo. Pa! Pa!

Pwani_Kavu: Pa pa mara mbili. Makofi ni mawili au manne?

Binti_Mvita: MAWILI! Usinichokoze.

Mzee_Kongowea: Mwanangu, mimi nasikia vizuri na yule hajanisikia tangu Shaabani.

Wakili_wa_Barazani: Tusipotoshane. Lugha ya ishara ni rasmi Bungeni, kifungu cha 120. Lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Hii ya ishara, kifungu cha 7 chaiambia serikali iikuze tu.

Binti_Mvita: Basi karatasi tukachukue Bungeni?

Pwani_Kavu: Kukuza wanakuza. Huoni mkalimani wa taarifa ya habari? Kisanduku chake sasa chatoshana na stempu.

Kimya_Kibokoni: Dada, mimi ni kiziwi. Hayo makofi afadhali. Mimi nilipoandika "sisikii" waliniletea kiti cha magurudumu.

Pwani_Kavu: Ukafanyaje?

Kimya_Kibokoni: Nikakaa. Foleni ilikuwa ndefu.

Binti_Mvita: 😂 Mdogo wangu kashampa yule jina la ishara: miwani utosini, halafu makofi mawili. Nyumba nzima twamwita hivyo. Lakini SIJACHEKA, nataka aombe radhi!

Mama_Kisauni: Foleni mwalilia nini? Mimi nimekesha na mitungi, bomba lakohoa upepo tu.

Mzee_Kongowea: Kisauni visima mnavyo. Njooni huku.

Mama_Kisauni: Kisima cha chumvi, mzee! Hata sabuni haitoi povu.

Binti_Mvita: Jamani, makofi…

Mama_Kisauni: Dada, kwenu mna tangi?