Naomba ushauri: viazi vimegoma kukomaa baada ya urea ya pili

Habari za kazi, wakulima wenzangu.

Viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya, vina siku 95 lakini majani bado ni kijani kibichi na mashina yamelala. Kwa ekari vilipandwa na mbolea ya DAP kilo 100, urea kilo 50 wakati wa kupalilia, kisha kilo 50 nyingine siku ya 55. Naitrojeni iliyomo kwenye mbolea hizo jumla ni kilo 64. Naishuku hiyo ya mwisho, maana naitrojeni ikizidi mmea hukazana na majani, viazi vinachelewa kujaa.

Nimefukua mashina matano: viazi ni kama yai la kuku, ngozi inachubuka kwa kidole gumba. Mvua haijakata, nahofia ugonjwa wa ukungu.

Nikate majani sasa na kusubiri wiki mbili ngozi ikaze, au nivumilie vijae? Na urea iishie siku ya ngapi?