Nimepigwa changa la macho na kifaa cha "kalibresheni kwa picha moja"

Wakuu, salaam. Nina hasira, kwa hiyo nitakayemkwaza anisamehe mapema.

Nafanya kazi na kamera mbili zinazosaidiana kupima umbali. Kabla ya kuziamini lazima uzifanyie kalibresheni, yaani upime namba halisi za kamera na lenzi yake. Lenzi za milimita 8, pikseli za mikromita 3.45. Mwenye kazi hii anayajua mateso ya bao la drafti, ile miraba myeusi na myeupe unayoipiga picha ili programu ikokotoe namba hizo: unalibandika kwenye kioo lisipinde, unaligeuza huku na huku, unapiga picha 40, nusu zina ukungu, unaanza upya. Njia hiyo ya mtafiti Zhengyou Zhang ya mwaka 2000 haina shida, ila inachosha kuliko kubeba zege. Siku moja nikakutana na tangazo: kifaa cha leza, picha moja, sekunde tano, kazi kwisha. Nikanunua bila kuuliza mara mbili.

Wazo lenyewe ni zuri, sitakuwa mchoyo wa sifa. Mwale wa leza ulionyooshwa unapita kwenye kioo kilichochongwa mistari midogo sana, unagawanyika kuwa mamia ya miale, na kila mmoja unatoka kwa pembe inayojulikana kwa hesabu. Kamera inaona nukta zimejipanga safu kwa safu, na kwake ni kama nyota: ziko mbali kiasi kwamba ukiisogeza kamera kidogo kando hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana picha moja inatosha. Kuna Wajerumani waliochapisha kazi yao ya namna hii kwenye jarida la Optics Express mwaka 2008, na si watu wa kubahatisha.

Sasa njooni kwangu. Siku ya kwanza asubuhi nikawasha, nikapiga picha, programu yao ikanipa umbali wa fokasi, ile namba ya lenzi inayogeuza pembe kuwa pikseli: 2,320. Kosa la masalio, yaani tofauti inayobaki kati ya nukta za kwenye picha na hesabu ya programu, 0.08. Nikajisemea leo nimepona. Nikaenda kushughulika na mengine, kifaa nikakiacha kinawaka. Kurudi baada ya dakika 40, kamera haijaguswa, lenzi haijaguswa, nikapiga tena kujifurahisha tu. 2,328. Kosa la masalio? 0.08 vilevile!

Nikashika kile kishikio cha leza, kina joto kama chaja ya simu iliyoshinda kwenye umeme. Hapo nikaelewa.

Pembe ya kila mwale inatokana na vitu viwili: nafasi kati ya mistari ya kile kioo, na urefu wa wimbi la leza, yaani rangi yake kwa namba. Nafasi ya mistari haiendi popote. Urefu wa wimbi ndio rula yako. Na humu wameweka diodi ya leza ya kawaida nyekundu, ambayo rangi yake inasogea takriban nanomita 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ikipanda nyuzi 10, umesogea nanomita 2, miale yote inatanuka kwenda nje, na nukta iliyoko pembe ya digrii 20 kutoka katikati inahama kama pikseli 3 hivi. Programu haijui lolote. Inaona nukta zimetanuka, inasema basi lenzi yako imerefuka, na kilichobaki inakimalizia kwenye namba za mpindo wa lenzi, yaani jinsi lenzi inavyopindisha mistari iliyonyooka. Hesabu inafunga vizuri kabisa, na jibu si kweli.

Kuna rafiki yangu ana spektromita, kifaa cha kupimia urefu wa wimbi, nikambebea. Kwenye boksi wameandika nanomita 635. Ikiwa bado baridi, tukapima 639. Yaani hata kabla haijapata joto nilikuwa nimeshaibiwa nanomita nne. Nikameza kiburi nikarudi kwenye bao la drafti, picha 40, mikono ikauma: 2,306. Zidisha 2,306 kwa 639, gawanya kwa 635, uone unapata ngapi. Mimi nilipoona ni namba ileile ya siku ya kwanza, nilikaa chini.

Kwa kazi yangu, 2,328 badala ya 2,306 maana yake kitu kilicho mita 10 nakisoma kimekosea karibu sentimita 10. Sekunde tano!

Na linaloniuma zaidi ni hili. Bao la drafti tunalolidharau, ukikosea ukubwa wa miraba yake yote kwa kiwango kilekile, umbali wa fokasi unatoka sahihi tu, kosa linaishia kwenye umbali wa bao. Kifaa hiki cha kisasa, rula ikikosea, kosa linaingia moja kwa moja kwenye umbali wa fokasi na hakuna pa kulionea. Ni kama fundi mwenye futi ya mpira: anakupima mara tatu, anapata namba ileile, anakuapia suti itakukaa.

Nikawaandikia wauzaji. Jibu: "Kosa lako ni 0.08, kifaa kiko sawa." Nikaeleza upya, na picha za spektromita. Jibu: "Hakikisha fokasi iko infiniti." Jamani, niliiweka infiniti, yaani lenzi ione wazi vitu vya mbali kabisa! Na hata hilo lina kasoro yake, maana maelekezo yanasema ukimaliza rudisha fokasi unapofanyia kazi. Lenzi ya milimita 8 ukiitoa infiniti ukaileta mita 1.5, umeshabadilisha ulichopima kwa kama nusu asilimia. Nani aliandika maelekezo haya?

Nukta ya katikati nayo inawaka kama taa ya gari, inafura na kuzimeza za jirani. Hapo nakiri sehemu ya kosa ni yangu, niligusa kile kioo kwa kidole. Mafuta yakijaa kwenye ile michongo, mwanga mwingi unapita moja kwa moja badala ya kugawanyika. Lakini hakuna mahali walipoandika usiguse.

Sidai muujiza. Waweke leza ya heliamu-neoni ya nanomita 632.8, ambayo rangi yake haisogei hivi, au wadhibiti joto la diodi, au basi waipime kila moja na kuandika namba yake halisi kwenye boksi. Kuna mwenye kifaa cha aina hii aliyewahi kukiacha saa nzima akaangalia? Leteni namba zenu, na mseme leza ni ipi.

Jana wameniomba ushahidi wa video. Nimewatumia dakika 20, nukta zinatambaa kwenda nje kama siafu, namba ya fokasi inapanda pembeni. Wamenijibu kwa dole gumba.