Dada kashika namba 2, mdogo wake namba 71: tunasherehekeaje?

Baba Wawili
Wakuu, habari za jioni. Shule zimefungwa, ripoti ziko mezani. Binti yangu wa darasa la tano kashika namba 2 kati ya 94. Mdogo wake wa darasa la pili, namba 71 kati ya 88. Mama yao keshanunua kuku wawili na kuagiza keki yenye jina la binti.

Mimi nasita. Huyu kijana mwezi wa tatu alikuwa hajui kuunganisha silabi. "Ba" anasoma, "ta" anasoma, ukimwambia aunganishe anatazama picha anakujibu "ndege". Wiki iliyopita tuko kituoni Mbagala tunangoja gari la Kariakoo, nikataka kudandia moja, akanivuta suruali: "Baba, hili limeandikwa Posta." Nusura nilie. Sasa tangu jana kajichimbia chumbani kwa bibi yake, hata chai hataki. Nifanyeje?

Mzee wa Kijiwe
Enzi zetu ukishika namba 2 unaulizwa, "Wa kwanza ana vichwa viwili?" Na tumekua.

Mama Mapacha
Tumekua, ila swali bado unalikumbuka, mzee wangu.

Baba Wawili, mimi nilimwahidi wangu baiskeli akiingia kumi bora. Akashika namba 11. Nilikosa pa kuweka uso. Siku hizi siahidi kitu. Ila na dada naye asipunjwe, namba 2 kaitolea jasho.

Ticha Chaki
Darasa la pili kazi yetu kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Namba inategemea na wenzake wamefanyaje; hata Baraza la Mitihani mwaka 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora. Chukua ripoti ya muhula uliopita, linganisha alama za kusoma tu. Halafu mpe asome mbele yenu kitu kifupi anachokiweza. Usimshtukize na gazeti!

Bi Mkubwa Tanga
Mwanangu, sisi chuoni, yaani madrasa, mtoto akihitimu juzuu ya Amma ya Kurani, mama anapika visheti, anavipeleka, wanakula watoto wote. Aliyehitimu ndiye anayegawa. Nafasi ya ngapi hakuna anayeuliza. Mpe kijana kazi kwenye hiyo shughuli, asikae kama mgeni.

Kapera Mtata
Sisi tusio na watoto, hao kuku wanaliwa saa ngapi? Nielekezeni njia.

Baba Wawili
MREJESHO. Bi Mkubwa, shikamoo, ushauri wako umefanya kazi. Dada mtu alichana daftari, akaandika vikaratasi: pilau, kuku, kachumbari, soda. Sharti likawa hakuna kupakua mpaka mdogo wake asome. Pilau akapita kama maji. Kwenye kachumbari akakwama kwenye "chu", bibi yake kasimama na sahani mkononi, mate yanamtoka, na dada mtu kawakataza wote wasimsaidie. Alipopata, akairudia mara tatu bila kuombwa.

Keki ilibaki na jina moja, fundi alikuwa ameshamaliza. Kijana akalisoma nalo, akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza mama yake mbona herufi moja imekosewa. Tukainama kutazama. Kweli, imekosewa, na keki ilikuwa mezani tangu saa nne asubuhi.