MREJESHO: Bawaba, boliti na makufuli kwenye ushuru wa forodha

Wakuu, habari za kazi. Narudi kwenye lile swali langu la vifaa vya milango kutoka China, ambavyo wakala wangu wa forodha aliviweka vyote kwenye 73.26, yaani fungu (namba ya kundi la bidhaa kwenye kitabu cha ushuru) la vifaa vingine vya chuma; niliuliza kama yuko sahihi. Asanteni sana mlionijibu, hasa mliosisitiza kwamba fungu hilo ni la vitu ambavyo havijatajwa kwingine.

Nikiwa huku huku Dodoma, nilimwomba muuzaji picha ya kila kifaa, na aandike kinafanya kazi gani na ni cha madini gani. Hiyo ndiyo iliyosaidia kuliko maneno yote. Bawaba na vishikio vya milango vikaenda 83.02, makufuli 83.01, boliti na nati za chuma 73.18. Boliti na nati chache za shaba zikawekwa 74.15, ofisa wa forodha alizijaribu kwa sumaku palepale.

Kilichogoma ni pakiti za bawaba zenye skrubu zake ndani. Nilitaka skrubu zihesabiwe peke yake, nikakataliwa: zimefungwa pamoja ziuzwe kama seti, na kanuni ya 3(b) ya kupanga bidhaa kwenye mafungu inafuata kitu kinachoipa seti sura yake, yaani bawaba. Hoja hiyo naikubali. Ila tozo za mzigo kukaa bandarini hazikurudi, na bado inaniuma.

Aliyesema niombe forodha uamuzi wa awali, yaani waseme fungu la bidhaa kwa maandishi kabla mzigo haujasafiri, ubarikiwe. Kwa mzigo ujao maombi nimeshapeleka.