Picha iliyoeditiwa mpaka ikakolea au ile ilivyotoka kwenye kamera, nyie mnarusha ipi?

mwana_mikindani: Wakuu habari za jioni. Jumapili niliwahi Mikindani alfajiri, maji yamekupwa, nikashuka mpaka chini kwenye mchanga nikageukia mjini nikapiga madau yamelala upande na zile nyumba za zamani kwa nyuma. Picha moja nikaitengeneza mara mbili. Ya kwanza nimegusa mwanga kidogo na kunyoosha tu maana ilikuwa imeinama. Ya pili nimeipeleka Snapseed, ile app ya kuediti picha, mpaka basi, vidimbwi vya maji bluu kama ile bluu ya kufulia, na mawingu ya zambarau yenye jua nimeyatoa kwenye picha nyingine kabisa. Nikarusha zote kwenye magrupu ya picha. Ya asili laiki 14. Ya pili mia tatu na ushee na mtu anauliza eti hapa ni Maldives? Sasa nishike njia ipi?

KoroshoGhafi: Ya pili niliiona nikajua hapohapo imepikwa. Jua ulilobandika liko nyuma ya nyumba, halafu kivuli cha dau la mbele nacho kinakwenda hukohuko kwenye nyumba, badala ya kutujia sisi 😂 Umeshindwa hata kuangalia kivuli mkuu. Halafu juzi kuna mwingine karusha "jua likizama baharini, Lindi mjini". Lindi gani hiyo jamani, Lindi jua linatoka baharini linazama bara. Wa Arusha atakubali, sisi wa huku tunabaki tunacheka.

FundiPicha_Lindi: Nyie mnaongea hivyo kwa sababu kamera haiwalipii kodi ya nyumba. Bibi harusi ukimpa sura yake ilivyo anakwambia kaka kamera yako mbovu, anahamia kwa jirani. Na hiyo "asili" mnayoisema kwenye simu haipo, simu ukibonyeza mara moja inachukua picha kadhaa inaziunganisha, inainua vivuli, inanoa, wewe unapokea JPEG iliyoshapikwa na kupakuliwa. Unataka mbichi piga RAW, yaani faili ambalo halijapikwa bado, uone ilivyopooza. Hata enzi za filamu, yule Mmarekani Ansel Adams wa picha za milima, kwenye chumba cha giza alikuwa anakinga mwanga huku anauongeza kule mpaka picha ikae anavyotaka. Photoshop, programu ya kuediti ya kompyuta, imekuja 1990, kuediti kulikuwepo zamani.

dada_wa_newala: Kaka Fundi hapo kwenye sura ndo naumia mimi. Bibi yangu ana chale usoni, zile za Kimakonde za zamani, mistari imekunjwa pembepembe kwenye mashavu mpaka kwenye paji, na siku hizi wenye nazo wamebaki wachache. Tukampeleka studio moja apigwe ya ukumbusho. Picha imerudi mashavu yamenyooka kama sahani, na weupe wamempaka ambao hajawahi kuwa nao toka azaliwe. Bibi kaishika, kaigeuza nyuma kama anatafuta nyingine, akauliza "huyu nani?" Nilikosa la kusema. Walidhani ni makunyanzi!!

FundiPicha_Lindi: Pole sana dada, hapo siwatetei. Huo ni uvivu, mtu anavuta kitufe kimoja cha kulainisha uso mzima anaenda kula. Inatakiwa ushike brashi upite sehemu kwa sehemu. Mimi natoa chunusi kwa sababu wiki ijayo haipo, chale siigusi.

mzee_wa_pantoni: Mie nina vyumba vya wageni karibu na bahari. Kijana wangu alirusha picha maji ya kijani yanameremeta utafikiri yamewekewa taa. Familia ikaja toka Dar, wamefika maji yamekupwa, tope na majani ya baharini mpaka kule mbali. Baba mtu akanionyesha simu, akanyoosha kidole baharini, akanionyesha tena simu. Nimewarudishia hela ya usiku mmoja. Na si sisi tu wa kuumbuka, National Geographic kwenye toleo la Februari 1982 walizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada, wakasemwa miaka na miaka.

KoroshoGhafi: Mzee shikamoo. Ungemwambia asubiri saa sita tu maji yanajaa 😂

mzee_wa_pantoni: Marahaba. Nilimwambia, akasema hiyo saa sita haikuwepo kwenye picha.

mwana_mikindani: Basi wakuu nimewasikia. Ya mawingu siifuti, laiki mia tatu zinauma, ila nimeandika chini yake kwamba mbingu nimeibandika. Wawili wameshaondoa laiki zao lol. Dada wa Newala, bibi akiridhia nije nimpige bure, hapo kibarazani kwake, mwanga wa asubuhi, sigusi kitu usoni. Korosho, Jumamosi twende Mikindani tena saa kumi na moja na nusu?

dada_wa_newala: Nimemuuliza. Anasema uje, ila umuoneshe kwanza kabla hujaondoka.

KoroshoGhafi: Nipo. Beba betri ya akiba lakini, sio kama siku ile.