Njia tatu za kwenda ziwa la mlimani na kurudi siku hiyohiyo: ipi inafaa wanaoanza?

Mwanzo_Mpya
Wakuu, naomba mnisaidie kulinganisha. Tuko sita: watu wazima wanne na watoto wawili, miaka 9 na 11. Hakuna aliyezoea mlima. Ziwa liko mita 2,300, na ramani inaonyesha njia hizi:

A: kutoka lango la juu (mita 1,950), inafuata bonde, kilomita 7 kwenda.
B: kutoka lango la chini (mita 1,650), inapanda mgongo wa mlima, kilomita 3.5 tu.
C: kupanda kwa B, kushuka kwa A.

Naielekea B kwa kuwa ni nusu ya A. Kuna kitu sikioni?

Kontua
Mkuu, umepima urefu ukasahau kimo. Chukua kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea mlimani, ya mwaka 1892 na bado inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.

A: dakika 84 za kutembea + 35 za kupanda = kama saa 2.
B: dakika 42 + 65 = saa 1 na dakika 47.

Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye pumzi anayekwenda bila kusimama. Kwa kundi lenye watoto zidisha mara moja na nusu: A saa 3, B saa 2 na dakika 40. Yaani "nusu" yako imekuokolea dakika 20, na umezilipia kwa mita 300 zaidi za kupanda.

Kisha tazama mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) kabla tu ya ziwa. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1. Ukihesabu mistari 15 ndani ya sentimita hizo mbili, na kutoka mstari hadi mstari ni kimo cha mita 20, hapo unapanda mita 300 ndani ya kilomita moja. Mtoto aliyechoka anapanda hapo kwa mikono na magoti.

Bakuli
Nakazia hilo la mwisho. Maziwa mengi ya milimani yamekaa kwenye bakuli lililochongwa na barafu zamani, na bakuli lina ukingo. Ndiyo maana njia inaweza kuwa tambarare muda mrefu, halafu ikawa mwinuko mkali ghafla ziwa likiwa karibu kabisa. Hata A itakuwa na kipande hicho, ila kifupi. Waambieni watoto mapema, na pumzikeni dakika kumi chini ya ukingo, siyo katikati yake.

Jabali
Mimi naitetea B. Mtu akiteguka kifundo cha mguu, gari liko kilomita 3.5. Kwenye A liko 7.

Kontua
Hoja nzuri, mkuu, lakini fikiria huyo aliyeteguka anavyoshuka. Kwenye changarawe zilizolegea, mteremko wa asilimia 30, hata mzima anateleza. Bondeni anaweza kuchechemea akiegemea bega la mwenzake. Ajali nyingi za namna hii hutokea wakati wa kushuka, mapaja yakiwa yamekwisha nguvu. Kwa hiyo B ya kushuka ndiyo naiogopa kuliko ya kupanda.

C ingetibu hilo, maana unashuka kwa A. Tatizo ni gari: umeanzia lango la chini, unatokea lango la juu. Bila gari la pili, C ifute.

Mto_Baridi
A nayo ina lake. Njia za bonde huvuka vijito, na mara nyingi hakuna daraja. Asubuhi maji huwa kwenye kifundo cha mguu. Mchana, baada ya mvua au jua kuyeyusha theluji huko juu, yanapanda. Mnapovuka kwenda, tazameni jiwe moja na mkumbuke maji yanaligusa wapi. Maji ya kasi yakifika magoti ya mtu mzima, watoto wasivuke. Subirini yapungue au geukeni. Mnapovuka, fungueni mkanda wa kiunoni wa begi, ili mtu akianguka alivue haraka.

Saa_ya_Kugeuka
Ratiba ya A: mwanzo saa 12:30 asubuhi, ziwani saa 3:30, mapumziko saa nzima, kushuka kama saa 2 na dakika 10, mko langoni kabla ya saa 7 mchana. Radi za milimani hupenda mchana, hewa ikishapata joto na kupanda. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa 5:30, na mgeuke hata kama ziwa liko nyuma ya kilima kinachofuata. Mkiona mwanga wa radi, hesabuni: kila sekunde 3 hadi ngurumo ni kama kilomita 1. Chini ya sekunde 30, ondokeni kwenye mgongo wa mlima na ufukweni mara moja.

Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo tofauti ya lango na ziwa si kubwa. Kinachotesa ni upepo wa ziwani juu ya fulana iliyolowa jasho. Kila mtu abebe fulana kavu na koti la kuzuia upepo. Pamba ikilowa hukauka polepole.

Chujio
Maji: nusu lita kwa mtu mzima kwa kila saa ya kutembea. Bebeni lita 2 kila mmoja, nyingine chujeni njiani. Chujio lenye matundu ya mikroni 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) linazuia bakteria na vimelea. Maji maangavu ya ziwa si lazima yawe salama, wanyama wanakunywa humohumo. Anayechemsha: yakitokota kweli, dakika 1, na juu ya mita 2,000 dakika 3, kwa sababu huko yanachemka kwa joto dogo zaidi.

Mwanzo_Mpya
Nimewaelewa, ni A. Swali la mwisho: watoto wanaruhusiwa kuogelea?

Mto_Baridi
Miguu tu, mkuu. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi ghafla bila kutaka, na kichwa kikiwa ndani anavuta maji. Pia sakafu ya maziwa yaliyochongwa na barafu hushuka ghafla: hatua mbili kifundoni, ya tatu kifuani. Mtu mzima asimame upande wa kina, mtoto abaki upande wa ufukwe, na taulo liwe tayari kabla hajavua viatu.