Naomba ushauri: ninunue pagale Chuno au niendelee kupanga?

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Mtwara mjini, nimepanga vyumba 2 na sebule Magomeni kwa 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Sasa nimepata pagale Chuno, milioni 18.

Nimeenda kulikagua. Limefika kwenye linta, tofali zimeiva vizuri, ila ukuta wa nyuma chumvi imepanda kutoka chini, ukikwangua kwa kucha unga unadondoka. Muuzaji hana hati, ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, na mkewe sijamtia machoni. Hilo linaninyima usingizi kuliko bei, maana nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza.

Dalali ananiharakisha, eti mradi wa LNG (gesi asilia inayogeuzwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, ukianza bei zitapaa. Lakini tunaokumbuka 2012 na 2013 tunajua viwanja vilivyopanda kwa habari za gesi tu, na wapo walioishia na nyumba zisizo na wapangaji. Nami nauza salufa ya kupulizia mikorosho na pembejeo nyingine. Korosho zikiyumba, nayumba.

Mke wangu anataka tununue, mtoto aache kuhamahama. Namwelewa kabisa.

Mliowahi kununua bila hati huku kwetu, mlianzia ofisi ya ardhi ya manispaa au kwa mwanasheria? Na mafundi, ukuta wenye chumvi hivyo unatibika au unavunjwa?